Karibu ya Mlangoni

Jina lake silitaji. Yu hai, masikio yake makali, na habari za Queensbury, mtaa wetu huu wa Landani, humfikia yeye kabla hazijawafikia wenyewe. Mtaani kwetu tunamwita Mwalimu, kwa sababu watoto wetu wote walisoma Kurani chuoni kwake, ukumbini mwake, kila Jumamosi asubuhi. Kazaliwa wapi, ukoo gani, hayo kamuulize mwenyewe. Mie nataka kusema jambo moja nililokaa nalo rohoni miaka mingi: nilimwonea wivu mwanamke yule, wivu hasa, ule wa kumfanya mtu achungulie dirishani na pazia kalishika kwa kidole.

Si kwa nyumba. Nyumba zetu zimegawana ukuta mmoja, na bomba lake linavuja kuliko langu. Si kwa watoto pia, wangu wana adabu zaidi, Mungu anisamehe. Nilimwonea wivu kwa safari zake za Septemba.

Kila mwaka, skuli zikishafunguliwa na miti ya pale karibu na stesheni ikianza kugeuka rangi, Mwalimu alifunga kijibegi chake akaenda kutembea mji mmoja wa Ulaya. Mwaka huu Lisbon, mwaka ujao Vienna, mwaka mwingine Palermo. Hakuna harusi huko, hakuna msiba, hakuna mgonjwa wa kumjulia hali. Mtu anapanda ndege kwenda kuutazama mji, halafu anarudi! Mara ya kwanza nilipomuuliza, "Mwalimu, kuna nani huko?" alinitazama kama nimemuuliza swali la kitoto, akajibu, "Hakuna mtu. Ndiyo maana nakwenda."

Sisi wengine likizo yetu ni moja tu, Unguja. Na Unguja hatuendi kupumzika. Mie nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nawainua, nawaogesha, nawalaza, na mume wangu anaendesha basi. Tukijaliwa likizo, wiki nzima kabla ya safari mlango haufungwi. Huyu kaleta viatu vya mpwawe, yule dawa za presha za mjomba, mwengine simu ya shemeji na maneno mengi juu yake. Ukifika huko unaanza kuzunguka majumbani kutoa pole kwa waliokufa ulipokuwa hupo. Wiki tatu huna hata alasiri moja yako. Unarudi Landani mgongo unauma kuliko ulivyoondoka.

Mwalimu hakuwahi kunipa mzigo hata mmoja nipeleke. Alikuja tu siku ya kufunga masanduku, akapanda akayakalia ili zipu zifunge, maana ni mnene kuliko sisi sote. Alikaa juu ya sanduku langu miguu haigusi chini, akauliza hiki cha nani, kile cha nani, na yule dada yako wa Kikwajuni hajambo? Nilidhani ni umbea tu. Nikimuuliza nimletee nini, jibu lake lilikuwa moja: achari ya ndimu, kichupa kimoja.

Basi nilichokitaka mie ni kidogo. Nilitaka Mwalimu anichukue. Mara moja tu katika umri wangu, niende mahali ambapo hakuna anayeningoja na sanduku lake.

Kijibegi chenyewe kilikuwa cha rangi ya ugoro, kidogo hata ukikitazama unajiuliza kama anakwenda Ulaya au hospitali kuchukuliwa damu. Ndani yake mlikuwa na kanga mbili, nguo za kubadilisha, kichupa cha pilipili ya kusaga na viatu vya chini vya kutembelea. Kanga, alisema, ni taulo, shuka, mtandio na msala wa kusalia, na ukishikwa na baridi ni shali. Mwanamke mwenye kanga mbili ana nyumba nzima. Mie nikisafiri na masanduku manne sina hata pa kuweka mswaki wangu.

Alikuwa na kanuni zake, na alizisema kama anasoma hadithi za Mtume. Usiende Julai wala Agosti, miezi hiyo ni ya watoto na wezi wa mifukoni. Nenda Septemba, wenye mji wakisharudi makwao, ndipo utakapoona wanavyoishi. Ukifika usijilaze kitandani. Weka begi, panda tramu yoyote mpaka mwisho wa njia, kisha rudi nayo hiyo hiyo, na usishuke katikati hata ukiona nini. Asubuhi ya pili nenda sokoni kabla hujanywa chai, utazame wenyewe wananunua nini cha kupika: zabibu mpya, tini zilizopasuka, uyoga ungali na matope. Majumba ya kale yatazame moja kwa siku. "Majumba ni kama mawaidha," alisema. "La pili husikii tena." Alasiri tafuta benchi lenye jua ukae. Na kabla hujalala, tia miguu kwenye maji moto yenye chumvi.

Na kwa nini siku nne tu? Hapo ndipo alipocheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie ya nne naondoka kabla jembe lenyewe halijaonekana."

Usidhani ni mwanamke wa kulegea. Chuoni hapo, mtoto akikosea herufi alimrudisha mwanzo wa sura, na mzazi akileta maneno naye alirudishwa. Mwanangu wa kike alikuwa anamwogopa kuliko daktari wa meno. Watoto wakimjibu Kiingereza alijitia kiziwi, mpaka mtu aombe maji kwa Kiswahili. Lakini siku moja nilimsikia akimgombeza dereva wa basi aliyefunga mlango usoni pake, kwa Kiingereza cha kunyooka ambacho mume wangu, mwenye lugha na mwenye basi, hajawahi kukitoa.

Huyo huyo, mkali wa stara, alikwenda Florence, akarudi na uso wa mtu aliyefumania.

"Wamesimama wanaume wa mawe, mwanangu! Wakubwa, wazima, hata kikoi hawana!"

"Ukafanyaje, Mwalimu?"

"Nikainamisha macho."

"Kisha?"

"Kisha nikayainua. Si nimelipa kiingilio?"

Huko Vienna alisali alasiri bustanini, nyuma ya mti mkubwa. Yumo katika sijida akasikia kitu kinahema mbele yake. Mbwa! Mwenye mbwa, ajuza wa Kizungu, akaja mbio akamvuta mnyama wake, akasimama naye pembeni kimya, mkono kwenye ukosi, mpaka Mwalimu akatoa salamu. Halafu ajuza yule akampa Mwalimu peremende. Kisa hicho nimekisikia mara nyingi, na kila mara mbwa alizidi kuwa mkubwa. Mie nacheka, naguna, na moyoni nasema: mbona sikuwepo mie nikamshika mbwa?

Jingine la kuudhi ni kwamba mvua ya Landani aliilaani kila siku, na mvua ya Vienna aliisifu kuwa ni safi. Ghorofa ya pili ya kliniki yetu hakupanda, eti magoti, lakini Prague kapanda mnara mpaka juu. Na Landani yenyewe, mji ambao watu wanavuka dunia kuja kuupiga picha, hakuijua. Stesheni, msikiti, soko la Wembley, basi. "Huu si mji wa kutembea," alisema. "Huu ni mji wa kufanyia kazi." Hapo nilimuunga mkono, maana hata mie siujui.

Akirudi, kesho yake sahani ilifika kwangu imefunikwa kwa kawa. Safari lazima ionjwe na jirani, ndivyo tulivyolelewa. Baada ya Lisbon alileta vikeki vya mayai, akavitia hiliki, wallahi nilikula sita nimesimama. Baada ya Seville alileta supu ya nyanya mbichi, baridi, imetoka kwenye friji. Nikamtuma mwanangu akamuulize kama gesi imekatika. Siku nyingine alileta kokwa kubwa za kuchoma zinazouzwa njiani huko majani yakianza kuanguka, ukizila ladha yake kama kiazi kitamu. Na kwa kuwa sahani ya watu hairudi tupu, nami nilirudisha. Sambusa zangu zilikuwa nyembamba kama karatasi, vitumbua vyangu havina mfano Queensbury nzima. Nilikaanga kwa hasira. Nilitaka aonje ajue kuwa mtu wa kusafiri naye yuko hapa, nyuma ya ukuta.

Lakini mtu wa kusafiri naye alikuwa keshampata. Mama mmoja wa Kenton, mtaa wa jirani, Mhindi, mzaliwa wa Unguja, mwenye duka la vitambaa. Kiswahili chake safi, cha mjini kwetu hasa, kuliko cha wanangu. Yeye hali nyama wala yai, kwa hiyo alibeba chapati zake za majani ya uwatu na Mwalimu akabeba pilipili yake, wakala benchi moja. Najua, kwa sababu picha niliziona. Mwalimu alinipa simu nitazame, nami nilizikuza kwa vidole viwili nione wanakula nini. Wamekaa wawili juani, makoti mapajani, tini katika karatasi moja, na wamecheka mpaka macho hayaonekani.

"Mmependeza," nikasema. Lo, neno lile lilinitoka kama mwiba wa samaki.

Yule mama hakunikosea kitu. Alinipunguzia bei dukani kila nilipokwenda. Na kila alipoingia kwa Mwalimu kupanga safari, mie nilifungulia bomba la jikoni kwa nguvu nisisikie vicheko, kisha nalifunga nisikie wanasema nini.

Sasa niseme na hili, maana pengine unajiuliza: hakukukaribisha? Alinikaribisha. Kila mwaka, siku ya kuondoka, alipita kuniachia ufunguo ili nimwagilie mrehani wake. Anasimama mlangoni pangu, begi mkononi, gari la uwanja wa ndege linamngoja, ananiambia, "Haya, karibu twende." Nami namjibu, "Ahsante Mwalimu, nendeni salama."

Ulitaka nijibuje? Ukipita mlangoni pa mtu anakula akakwambia karibu, unasema ahsante nishakula, hata kama tumbo linanguruma linasikika ng'ambo ya pili. Akikutaka kweli atakwambia tena. Utakataa tena. Mara ya tatu atakushika mkono, atasema nitakasirika, ndipo unakaa, unanawa. Karibu ya mara moja, tena ya mlangoni, tena na begi mkononi, hiyo ni salamu tu. Mie nilisimama pale kila mwaka nikiingoja ya pili. Yeye akageuka akaenda. Nikabaki na ufunguo na mrehani.

Mwanangu aliponiona nimenuna akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini nisimwambie tu kwamba nataka kwenda. Nikamwambia nyamaza. Huyu kazaliwa hospitali ya huku, atajuaje? Mtu hajialiki.

Miaka ikaenda hivyo. Mama wa Kenton akazeeka, akauza duka, na baada ya majira ya baridi yaliyopita mwanawe akamchukua akakae naye Leicester. Niliposikia nilisema masikini, na nusu ya neno hilo ilikuwa kweli. Kwa nusu ya pili nilikuwa nahesabu siku mpaka Septemba.

Septemba ikafika. Majani yakageuka. Mwalimu hakuja na ufunguo.

Nikangoja Jumatatu, nikangoja wiki nzima. Mwisho nikachukua sahani yake iliyobaki kwangu, nikaijaza vitumbua, nikaenda. Alikuwa ukumbini, goti moja juu ya kiti, limefungwa kitambaa. Bakora imeegemea meza. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba. Na hapo mlangoni, kando ya viatu, nikaliona lile begi la rangi ya ugoro, limefutwa vumbi, limefungwa zipu, na juu yake mfuko wa nguo kuukuu.

"Unasafiri, Mwalimu?"

"Nisafiri wapi na goti hili? Hilo linakwenda duka la hisani, wakaliuze kwa sadaka. Mwanao akipita nitamwomba anipelekee."

Sijui nini kilinipata. Nilikuwa nimekamata sahani ya vitumbua bado. "Duka la hisani!" nikasema. "Utampa mtu usiyemjua begi! Na mie je? Miaka yote hii, Mwalimu, hukunichukua hata siku moja! Niko hapa nyuma ya ukuta, namwagilia mrehani wako, wewe unakula tini na watu wa Kenton!"

Akanitazama. Akaishusha miwani.

"Mie sikukuchukua? Si nimekukaribisha kila mwaka? Nimesimama mlangoni pako kila mwaka."

"Mara moja! Hukunishikilia hata mara ya pili!"

"Nikushikilieje? Nakwambia karibu twende, unanijibu nendeni salama. Mtu akishasema nendeni si ameshajitoa? Una mume, una kazi, una watoto. Nikasema huyu hataki kufuatana na kizee, ananikatalia kwa heshima. Nami nina haya zangu."

"Karibu ya mlangoni si karibu, Mwalimu! Wewe ndiye unayewafundisha watoto adabu!"

"Basi wa Kenton unajua alinijibuje?" akasema. "Nilimwambia mara moja tu, dukani kwake, napimiwa kitambaa. Haya, karibu twende. Akaniuliza: lini?"

Nilikaa kitako. Vitumbua nikaviweka mezani. Neno moja tu, jamani. Lini. Yule mama alilisema huku anapima kitambaa, akapewa Lisbon, Palermo, Vienna na mbwa wake. Nilitamani nilie, nikatamani nicheke, na wivu wangu wote nikauona umekaa hapo katikati ya meza, hauna hata wa kumlaumu.

Mwalimu akachukua kitumbua, akakila taratibu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mie pia nilikuonea wivu."

"Wewe? Kwa lipi?"

"Masanduku yako." Akafuta vidole. "Unadhani nilikuja kuyakalia kwa sababu ya zipu? Kila kitu mle kina mwenyewe. Viatu vya fulani, dawa za fulani. Kwetu mie waliokufa wamekufa, waliotoka wametawanyika, nyumba ina watu wengine. Nikienda Unguja nimgongee nani mlango? Nitakaa hotelini kama Mzungu. Vienna nisipojua mtu si ajabu. Unguja nisipojua mtu, huo ndio msiba."

Nikakumbuka alivyokuwa akikaa juu ya sanduku miguu inaning'inia, ananiuliza dada yangu wa Kikwajuni hajambo. Nikakumbuka kichupa cha achari. Nikainuka kwenda kutia maji kwenye birika, nikasimama jikoni kwake nikalitazama lile bomba linalovuja. Likizo yangu ya mwaka ilikuwa bado wiki nzima haijaguswa, naiwekea harusi ya mtoto wa binamu yangu huko Unguja. Harusi ambayo, ukitaka ukweli, masanduku yangeweza kwenda bila mie.

Nikarudi ukumbini na chai. Nikamsogezea kikombe.

"Mwalimu," nikasema, "karibu twende."

"Wapi?"

"Popote penye tramu. Tutapanda mpaka mwisho wa njia, turudi nayo. Goti litakaa kitini."

Akatabasamu, akatikisa kichwa. "Ahsante, mwanangu. Nenda salama."

Aa! Maneno yangu yale yale, na sauti yangu ile ile ya mlangoni. Nikamtazama usoni nijue ni adabu au ni kweli, na wallahi haijulikani. Kumbe ndivyo nilivyokuwa naonekana mie.

Nikamwambia mara ya pili. "Twende, Mwalimu."

"Nitakuchelewesha. Kila hatua kumi nitataka benchi."

"Benchi ndiyo kanuni yako mwenyewe."

"Nenda na mumeo."

Nikainuka. Nikaenda mlangoni, nikautoa ule mfuko wa nguo kuukuu juu ya begi, nikalichukua begi nikaliweka mapajani pake. Kisha nikamshika mkono.

"Karibu twende. Ukikataa nitakasirika."

Mkono wake ulikuwa bado una mafuta ya vitumbua. Akalipapasa begi, akafungua zipu, akachungulia ndani kama anatafuta kitu alichokisahau. Akaifunga tena.

"Lini?" akauliza.

"Jumatano ijayo," nikamwambia. "Na yule wa Leicester usimwambie."